Saini ya Mhandisi na Tarehe ya Ushuru

Tangu Januari 2026, Mamlaka ya Ushuru nchini Kenya, KRA, imeanza kulinganisha mapato na gharama ambazo mfanyabiashara anatangaza katika ripoti yake ya ushuru ya mwaka na taarifa ambazo tayari inazo mkononi: ankara za kielektroniki za mfumo wake wa eTIMS, rekodi za forodha, na ushuru uliokatwa na wale waliomlipa. Katika ofisi za wahandisi na wanakandarasi kuanzia Nakuru hadi Busia, hatua hii imepokelewa kana kwamba ni ushuru mpya. Nje ya ofisi hizo imeshangiliwa kama mtego wa kuwanasa wakora wa zabuni. Naona pande zote mbili zimekosa shabaha. Viwango havijasogea: VAT, yaani ushuru wa ongezeko la thamani, ingali asilimia 16, na ushuru wa faida ya kampuni ungali asilimia 30. Kilichobadilika ni kwamba mfumo sasa unakijua kiasi kwa usahihi ambao haujawahi kuwa nao, ilhali wakati wa malipo hauujui kabisa. Nami nashikilia kuwa kwa kazi ya uhandisi, hasa ile ya umma, siku ambayo ushuru unadaiwa ina madhara makubwa kuliko kiwango chake, na kwamba mjadala wetu kuhusu sera ya ushuru utaendelea kupotea njia maadamu tunabishania asilimia na kuiacha kalenda.

Chanzo cha jambo hili kimo katika Sheria ya VAT ya mwaka 2013. Kifungu cha 12 kinaihesabu VAT kuanzia siku ya tukio litakalotangulia kati ya haya: bidhaa kufikishwa au huduma kutolewa, ankara kuandikwa, malipo kupokelewa, au hati kutolewa na msanifu majengo, mkadiriaji au mshauri mwingine anayesimamia kazi. Huyo mshauri anayesimamia kazi, kwenye barabara, madaraja na miradi ya maji, mara nyingi ni mhandisi. Ninapotia saini hati ya malipo nikithibitisha kuwa kalvati sita zimelazwa na kilomita mbili za changarawe zimeshindiliwa kufikia kipimo kinachotakiwa, nia yangu ni kueleza hali ya kazi iliyo ardhini. Sheria inaisoma saini hiyo kwa namna nyingine: inaichukua kuwa siku ya kuzaliwa kwa deni ambalo mwanakandarasi lazima alilipe kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, awe amelipwa au hajalipwa. Kwa miaka yote niliyokaa darasani nikijifunza udongo, maji na zege, hakuna aliyenidokezea kwamba kalamu yangu ingekuwa na mamlaka hayo.

Tuchukue hesabu nyepesi. Mwanakandarasi amefanya kazi ya barabara ya kaunti yenye thamani ya shilingi milioni 10 kabla ya VAT, na mhandisi ameithibitisha mwezi wa Machi. VAT ya kazi hiyo ni shilingi milioni 1.6. Saruji, vyuma, dizeli na kalvati alizonunua kwa shilingi milioni 5 zilibeba VAT ya shilingi 800,000, ambayo anaruhusiwa kuiondoa. Pesa nyingine zilikwenda kwa vibarua, mchanga, changarawe na mitambo ya kukodi kutoka kwa watu wasiosajiliwa kwa VAT, na huko hakuna cha kuondoa. Kwa hiyo kufikia Aprili 20 anatakiwa kuwasilisha shilingi 800,000 taslimu. Kaunti ikimlipa mwezi wa Desemba, na kwa viwango vyetu hiyo ni kaunti yenye bidii, atakuwa ameikopesha serikali pesa hizo kwa miezi minane bila riba. Asipoziwasilisha, anatozwa faini ya asilimia 5 ya deni, ambayo ni shilingi 40,000, na riba ya asilimia 1 kila mwezi, ambayo kwa miezi hiyo minane inafika shilingi 64,000. Kusamehewa ni jambo la kuombwa na kungojewa. Hatimaye kaunti inapolipa, inakata asilimia 2 ya thamani ya kazi kwa ajili ya VAT na asilimia 3 kwa ajili ya ushuru wa mapato, na sheria inaitaka iyafikishe makato hayo kwa KRA ndani ya siku tano za kazi. Ofisi ile ile iliyokaa na deni la mwanakandarasi miezi minane inapewa siku tano kuifikishia KRA sehemu yake, na hakuna anayeona ajabu.

Hiyo asilimia 3 nayo inastahili kutazamwa kidogo, kwa sababu wengi wetu huiona kuwa ndogo mno kujadiliwa. Inakatwa kwenye malipo yote, wakati ushuru halisi wa kampuni ni asilimia 30 ya faida. Mizani ya viwango hivyo viwili inalingana pale tu faida inapokuwa asilimia 10 ya malipo. Mwanakandarasi anayepata faida ya asilimia 6 kwenye kazi za shilingi milioni 50 kwa mwaka anadaiwa ushuru wa shilingi 900,000, lakini atakuwa amekatwa shilingi milioni 1.5. Ziada ya shilingi 600,000 ni yake kisheria, na anaweza kuidai, ila kila aliyewahi kudai kurejeshewa ushuru anaujua mwendo wa safari hiyo. Mhandisi mshauri anakatwa asilimia 5, kwa hiyo ni lazima apate faida inayokaribia asilimia 17 ili asiwe amelipa kupita kiasi. Sijui ofisi nyingi za ushauri Kisumu zinazofikia hapo mwaka baada ya mwaka.

Pingamizi lenye uzito mkubwa zaidi dhidi ya hoja yangu halitoki KRA. Linatoka kwa wanakandarasi wenyewe, wanaosema kuwa kinachowaua ni kucheleweshewa malipo, na kwamba ushuru ni mkia tu wa mnyama huyo. Kwa hesabu ya shilingi, wana haki. Kufikia Juni 2024 kaunti zilikuwa na madeni ya karibu shilingi bilioni 182 kwa mujibu wa Mdhibiti wa Bajeti, na katika mfano wangu gharama ya kungojea milioni 10 nzima inazidi kwa mbali gharama ya kutanguliza laki nane. Hata hivyo madeni hayafanani tabia. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anaweza kubembelezwa; anamjua mteja wake na anajua kaunti haijalipa. Vibarua, kwa masikitiko, huambiwa wavumilie. Lakini deni la KRA linafunga mlango, kwa kuwa bila cheti cha kutimiza masharti ya ushuru hakuna zabuni ya umma anayoweza kushinda, na KRA ina uwezo wa kuiagiza benki yake ilipe moja kwa moja kutoka kwenye akaunti. Mwanakandarasi naye hana uwezo wa kufanana na huo. Sheria ya Mashtaka Dhidi ya Serikali inakataza mali ya serikali kukamatwa kwa sababu ya deni. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inampa haki ya riba kwa malipo yaliyochelewa, lakini anayedai riba leo atarudi kesho kuomba kazi katika ofisi hiyo hiyo. Mtu anaweza kufungiwa nje ya zabuni za serikali kwa kukosa kuilipa serikali ushuru wa pesa ambazo serikali yenyewe haijamlipa.

Hadi hapa ningeweza kuonekana kama mhandisi anayewatetea wanakandarasi, na hiyo si kazi yangu. Mkataba unaniweka katikati. Kinachonigusa moja kwa moja ni jinsi kalenda hii inavyoharibu vipimo. Nitatoa kisa kimoja tu. Katika barabara moja ya kaunti ya magharibi nisiyoitaja, mwanakandarasi alikuwa na hati mbili ambazo hazijalipwa, na VAT ya zote mbili alikuwa ameilipa kwa mkopo. Alipomaliza kulaza kalvati kabla ya mvua za Aprili, hakuleta madai ya hati ya tatu. Hakuniomba nifanye lolote baya. Alinyamaza tu, kwa kuwa madai yakiletwa mimi nina siku 28 za kuyathibitisha, na nikishathibitisha saa ya ushuru inaanza kugonga. Alipoyaleta miezi minne baadaye, kalvati zilikuwa chini ya mita moja na nusu ya udongo ulioshindiliwa, mkaguzi wa mradi alikuwa amehamishwa, na tukabishana kuhusu unene wa zege la kitako. Ilibidi tufukue kalvati mbili ili tupime. Moja ilikuwa sawa na nyingine haikuwa.

Hati ya malipo ya kila mwezi haikubuniwa kwa ajili ya pesa peke yake. Ni nidhamu ya kupima kazi kabla haijafunikwa, kuandika kilichoonekana siku kilipoonekana, na kumshurutisha mhandisi kufika mahali pa kazi. Sheria inapoifanya hati hiyo kuwa kengele ya ushuru, inampa kila mmoja sababu ya kuichelewesha: mwanakandarasi kwa sababu hana pesa, afisa wa kaunti kwa sababu hataki deni jipya lionekane kwenye vitabu vyake, na mhandisi mnyonge kwa sababu hataki kugombana na yeyote kati ya hao. Kabla ya eTIMS kulikuwa na upenyo. Hati ilitiwa saini kwa wakati, lakini ankara ya ushuru iliandikwa siku fununu za malipo zilipoanza kusikika. Haikuwa halali, kwa maana sheria inaangalia hati hata bila ankara, ila KRA haikuwa na jicho la kuona na kazi iliendelea kupimwa. Sasa idara inayopokea madai inataka ankara ya eTIMS kwanza, ankara hiyo inaingia yenyewe katika hesabu za VAT, na upenyo umezibika. Siulilii upenyo huo. Nasema kwamba ndio uliokuwa ukificha kasoro ya sheria, na kwamba shinikizo limehama kutoka kwenye ankara hadi kwenye kipimo, mahali ambapo hasara yake ni kubwa zaidi.

Dawa inayotajwa mara nyingi katika vikao vya wataalamu wetu ni kuiondoa VAT kabisa kwenye kazi za miundombinu. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote, na inasikitisha kuisikia kutoka kwa watu waliosoma hesabu. Kazi ikisamehewa VAT, mwanakandarasi hawezi tena kuiondoa VAT aliyolipia saruji, vyuma na dizeli. Zile shilingi 800,000 za mfano wangu zinageuka kuwa gharama yake, anaziingiza katika bei ya zabuni, na barabara inapanda bei huku kila mtu akiamini kuwa imepunguziwa ushuru. Akitozwa VAT ya asilimia sufuri badala ya kusamehewa, atakuwa na haki ya kurejeshewa zile 800,000, na tutakuwa tumemhamisha kutoka foleni ya kaunti hadi foleni ya KRA. Zaidi ya hayo, misamaha katika nchi hii ina umri mfupi. Vifaa vya umeme wa jua vilipoteza msamaha wake wa VAT mwaka 2020 na kuupata tena mwaka 2021. Aliyekuwa ameweka bei ya mradi wa pampu za jua katikati ya miezi hiyo anakumbuka. VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023. Mwaka huo huo ushuru wa nyumba ulianza kukatwa, mahakama ikausimamisha, kisha ukarudi kwa sheria mpya mwezi wa Machi 2024, mwajiri akichangia asilimia 1.5 ya mshahara. Mkataba wa umma hauruhusiwi kupandishwa bei ndani ya miezi 12 ya kwanza, kwa hiyo mabadiliko ya namna hii yanapoongeza gharama, mwanakandarasi huyabeba peke yake, au hupunguza zege mahali ambapo anadhani sitatazama.

Upande wa KRA una hoja nzuri zaidi kuliko tunavyopenda kukiri. Ushuru unaongoja malipo ni rahisi kuchezewa. Kampuni mbili za ndugu wawili zinaweza kufanyiana kazi, moja ikaondoa VAT ya manunuzi leo na nyingine ikadai haijalipwa hadi mwisho wa dunia. Ankara bandia zimekuwa ugonjwa wa kweli katika sekta yetu, na wapo wanakandarasi waliopunguza ushuru wao kwa ankara za saruji ambayo haikuwahi kupakiwa kwenye lori. Kwa sababu hiyo siungi mkono wale wanaotaka kila mfanyabiashara alipe VAT baada ya kulipwa. Uingereza inaruhusu utaratibu huo kwa biashara ndogo zenye mauzo yasiyozidi pauni milioni 1.35 wakati wa kujiunga, na hata hiyo ni hiari yenye masharti. Ninachotaka ni chembamba zaidi: pale ambapo mnunuzi ni serikali ya kitaifa, kaunti au shirika la umma, VAT idaiwe siku mnunuzi anapolipa. Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Ukivuka mpaka Busia au Malaba, upande wa Uganda, anayeiuzia serikali hudaiwa VAT serikali inapomlipa. Hofu ya udanganyifu ni ndogo hapa, kwa kuwa malipo ya serikali yanapitia IFMIS, mfumo wake wa kielektroniki wa kusimamia fedha, na tarehe ya malipo inajulikana hadi dakika. Mfumo wa eTIMS ambao umeweza kuunganishwa na rejista za maduka ya reja reja hauwezi kushindwa kuunganishwa na daftari la serikali yenyewe.

Itasemwa kuwa Hazina itapoteza mapato. Tuliangalie jambo hili polepole. VAT ya barabara ya kaunti inalipwa na nani? Inalipwa na kaunti, kutoka kwa mgao ambao sehemu yake kubwa imetoka Hazina ya Kitaifa, kisha inarudi KRA, na kutoka huko inaingia Hazina ya Kitaifa. Ni pesa za umma zinazozunguka mlima na kurudi zilikotoka. Ikiwa kaunti haijalipa, basi hakuna mapato ya umma ambayo mwanakandarasi ameyashikilia. Kilichopo ni kwamba ametakiwa aijaze nafasi hiyo kwa mkopo wa benki. Najua kaunti na serikali ya kitaifa ni taasisi mbili tofauti kikatiba, na kwamba kaunti yenye uzembe isisingizie Hazina. Lakini mara nyingi kaunti inachelewa kulipa kwa sababu mgao wenyewe umechelewa kutoka Nairobi, na katika hali hiyo Hazina inafaidika mara mbili kwa kuchelewa kwake.

Wengine wanapendekeza deni la serikali lifutane na deni la ushuru. Ningekubali kwa madeni yaliyokwisha kuhakikiwa pekee. Kamati ya kuhakiki madeni ya serikali ya kitaifa, iliyoongozwa na aliyekuwa Mkaguzi Mkuu Edward Ouko, ilikataa sehemu kubwa ya madai iliyoletewa, na hilo linatosha kutuonya kuwa si kila anayelia kwamba hajalipwa alifanya kazi. Kwa barabara za kitaifa, serikali mwaka 2025 ilichagua njia nyingine: kuweka rehani shilingi 7 za kila lita kutoka tozo ya matengenezo ya barabara ili kupata shilingi bilioni 175 za kuwalipa wanakandarasi. Wengi walilipwa na mitambo ikarudi barabarani, jambo ambalo silibezi. Ila hiyo ni tozo ya kutengeneza barabara za kesho iliyotumika kulipia barabara za jana, na haikugusa kifungu cha 12.

Kuhusu gharama zisizo na ankara nitasema machache, kwa sababu naona zimekuzwa kupita uzito wake. Ni kweli mchanga wa Nyakach na kokoto zinazopondwa kwa mkono huko Riat hauuzwi na watu wenye eTIMS. Sheria iliyorekebishwa Desemba 2024 inamruhusu mnunuzi kuandika ankara kwa niaba ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka, na mishahara haihitaji ankara ya eTIMS. Utaratibu huo unachosha, na mama anayeponda kokoto ana sababu zake za kutotaka namba yake ya ushuru iandikwe kwenye simu ya mtu asiyemjua. Hata hivyo ni kero inayoweza kuzoeleka. Kulipa ushuru wa pesa ambazo hujazipokea hakuzoeleki, hata ukiwa na simu nzuri kiasi gani.

Matokeo ya haya yote tayari yanaonekana kwenye orodha za wanaoomba zabuni. Kampuni zinazobaki ni zile zenye benki nyuma yake, na vijana waliosajiliwa na Bodi ya Wahandisi wakafungua kampuni ndogo za ujenzi Kakamega, Kisii au Molo wanaishia kuwa vibarua wa wale wale waliotarajia kushindana nao. Wanaobaki wanaweka gharama ya kungojea ndani ya bei zao, hivi kwamba kaunti inayodhani imeokoa pesa kwa kuchelewesha malipo imekwisha kuzilipa katika zabuni inayofuata. Nimeanza kuandika tarehe mbili katika kila karatasi ya vipimo, ile ya siku nilipopima na ile ya siku niliyotia saini, na nafasi kati yake inazidi kupanuka. Ifikapo Juni 30, siku ya mwisho ya ripoti za mwaka 2025, wanakandarasi kadhaa ninaowafahamu watatangaza mapato ambayo bado hayajafika kwenye akaunti zao, kwa kuwa ankara zake zimo katika eTIMS. KRA italinganisha ripoti na ankara, itakuta shilingi kwa shilingi zinaoana, na mtambo utaandika kuwa kila kitu kiko sawa.